Daftari la Makosa ya Wenzangu

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa saba, mwanangu, baridi ya Ufipa imekaza mpaka nyasi za malishoni zimekuwa nyeupe, niliposimama mlangoni mwa chumba cha wagonjwa na daftari mkononi, nikitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Ndani alikuwa amelala Bruda Gaudensi, mzee kuliko wote katika monasteri yetu, na alikuwa ananisubiri nimsomee. Ngoja nikueleze nilifikaje hapo, maana ukisikia mwisho bila mwanzo utanicheka bure.

Mimi ni mtoto wa Kasense, pale jirani na mji wa Sumbawanga. Nilipowaaga wazazi kwamba nakwenda kuwa mmonaki, mama alilia kwa furaha. Baba naye alilia, ila yeye alikuwa anawafikiria ng'ombe wake, watabaki na nani. Nikaingia, nikavalishwa kanzu ya wanovisi, wale wanaojaribiwa kabla ya kuweka nadhiri, nikaanza maisha ambayo watu wa nje wanadhani ni ya kupiga magoti kutwa nzima. Si hivyo. Kengele inapigwa alfajiri, tunasali masifu, misa, tunakunywa uji, halafu kila mtu na kazi yake: wengine zizini, wengine karakana ya useremala, wengine shamba la maharage na ulezi. Saa sita tunasali tena, tunakula. Na chakula hicho tunakula kimya, mmoja wetu akisoma kitabu kwa sauti. Kazi tena, sala tena, kulala. Kesho yake hivyo hivyo.

Siku tulipoanza unovisi, padre aliyekuwa mlezi wetu alitugawia kila mmoja kauntabuku, daftari kubwa la jalada gumu. Alisema, "Kila siku andika nusu ukurasa wa maisha yako humu ndani. Mimi sitalisoma. Ni lako na Mungu." Agizo lenyewe lilikuwa dogo hivyo.

Wiki za mwanzo niliandika vizuri. Niliandika umande, niliandika ndama aliyezaliwa, niliandika jinsi nilivyosinzia kwenye masifu na nikaona aibu. Lakini mwanangu, kuishi na watu wale wale kila siku, meza ile ile, benchi lile lile la kanisani, na muda mwingi huruhusiwi kuongea, ni kazi. Mtu akikukera huwezi kumrukia pale pale. Unameza. Mimi nilikuwa nameza mchana, jioni nikikaa na kalamu nayatapika yote kwenye daftari.

Nikaanza na Bruda Polikarpi, mpishi. Niliandika kwamba anajipakulia kabla yetu na kuchagua nyama iliyonona. Nikamwandika Padre Mlezi mwenyewe, kwamba anawapendelea wanovisi wa kwao Kirando, kule ziwani, anawaita pembeni na kuwapa vitu, sisi wa huku juu anatupita kama hatuoni. Halafu nikamwandika Bruda Gaudensi. Huyu tulikaa naye benchi moja kanisani, mimi kushoto kwake. Zaburi tunaisema kwa pamoja, upande mmoja unaanza na mwingine unajibu, na inatakiwa tuanze pamoja na kumaliza pamoja. Yeye alikuwa anabaki nyuma maneno mawili, matatu. Kanisa zima limeshanyamaza, yeye bado anamalizia mstari peke yake. Kila siku, mara tano kwa siku. Nilikuwa nakunja vidole vya miguu ndani ya viatu kwa hasira.

Sikuona kwamba natenda vibaya. Nilijiona mtu wa kweli. Nilikuwa nasema moyoni, hakuna hata neno moja la uongo humu.

Basi mzee akaanguka pale kwenye ngazi za kanisa, akaumia nyonga, akalazwa chumba cha wagonjwa. Mikono yake ilikuwa inatetemeka tangu zamani, hawezi kushika kitabu, kwa hiyo Padre Mlezi akanipa mimi kazi ya kumsomea kila asubuhi baada ya uji. Nilimsomea maisha ya watakatifu. Siku ya nne akanikatiza.

"Bruda Nestori," akasema, "hawa watakatifu nitawakuta hivi karibuni, wataniambia wenyewe. Mimi nimewakumbuka hawa ndugu zangu wa hapa. Sijui wanakula nini, sijui nani amegombana na nani. Nasikia wanovisi mna madaftari ya maisha ya kila siku. Kesho lete la kwako."

Nikamwambia ni siri.

"Dhambi zako sizitaki. Nisomee ya nyumba."

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mzee, mgonjwa, na mimi mnovisi nimefundishwa kutii. Na kulikuwa na jambo lingine lililonitia hofu zaidi. Unovisi wangu ulikuwa unakwisha. Jumapili iliyofuata, wamonaki wote wenye nadhiri za daima walikuwa wanapiga kura kama tupokelewe kuweka nadhiri au turudi kwetu. Kura yetu ni ya maharage. Kila mmoja anapewa punje mbili, nyeupe na nyeusi, anapita mbele ya kiboksi cha mbao chenye tundu, anadondosha moja bila mtu kuiona. Nyeupe ni ndiyo, nyeusi ni hapana. Mgonjwa anapelekewa kiboksi kitandani. Kwa hiyo Bruda Gaudensi alikuwa na punje yake, Polikarpi ya kwake, Padre Mlezi ya kwake, na mimi sikuwa na maisha mengine niliyoyataka duniani zaidi ya haya.

Ndiyo hiyo asubuhi ya baridi niliyokuambia. Nilikuwa nimepanga njama. Nitafungua daftari, nitakodoa macho kwenye ukurasa, nitasoma mambo yasiyokuwepo.

"Tumsifu Yesu Kristo," nikasema.

"Milele, amina. Kaa huku kulia."

Nikakaa. Nikaanza kusoma hewani. Leo Bruda Polikarpi amepika maharage matamu sana, akatugawia kwa upendo. Leo Padre Mlezi ametufundisha kwa uvumilivu mkubwa, bila kumbagua mtu. Leo tumesali zaburi kwa sauti moja nzuri, machozi yamenilengalenga. Nikasoma kurasa tatu za namna hiyo, jasho linanitoka kwenye baridi ile.

Mzee alikuwa amefumba macho. Akauliza, "Hiyo ni monasteri ya wapi?"

"Ya kwetu, Bruda."

"Ya kwetu Polikarpi hajawahi kuivisha maharage. Miaka kumi na tisa natafuna changarawe. Soma kilichoandikwa."

Nikapekua kurasa ovyo. Yeye akangoja, naye alikuwa mzoefu wa kimya kuliko mimi. Mwisho nikasoma. Nikasoma habari za nyama iliyonona. Mzee akacheka mpaka kitanda kikalia, akashika nyonga yake, akasema uwii, akacheka tena. "Huyo ndiye Polikarpi," akasema. "Asante. Hapo sasa nimerudi nyumbani." Nikasoma habari za Padre Mlezi na watu wake wa Kirando. Hapo hakucheka, alitikisa kichwa tu. Nikafunua ukurasa uliofuata, nikauona umejaa jina lake, nikataka kuuruka.

"Umeruka," akasema.

Sijui alijuaje. Nadhani karatasi ilitoa sauti mara mbili. Nikasoma, mwanangu. Nayakumbuka maneno yote mpaka leo kwa sababu yaliniunguza mdomo: "Bruda Gaudensi amekuwa mzigo. Anachelewesha zaburi na kutuvuruga sote. Afadhali wangempeleka chumba cha wagonjwa apumzike, na sisi tupumzike." Nilikuwa nimeyaandika miezi miwili kabla hajaanguka.

Nilingoja anifukuze. Akasema, "Kumbe Mungu hukusikiliza wewe. Hebu mwombe aniponye na hii nyonga."

Alikuwa ananitania, lakini mimi nilishaanza kulia. Akaniacha nilie kidogo. Kisha akaniambia, taratibu, kama mtu anayeeleza njia ya kufika sokoni: "Kitabu siwezi kushika, si unaona mikono. Na masikio, ukiwa wewe peke yako hapa karibu nakusikia. Tukiwa wengi kanisani nasikia mvumo tu. Sasa nitajuaje tumefika wapi? Nilikuwa nakutazama wewe mdomo. Ukifumbua nami nasema. Lazima nichelewe, maana nakungoja wewe kwanza useme."

Nikafunga daftari. Miaka miwili nimekasirishwa na mtu ambaye alikuwa ananifuata mimi. Ningemuuliza siku moja tu baada ya sala, "Bruda, mbona unabaki nyuma?" angenieleza, ningesema zaburi kwa midomo wazi, ningemgeuzia uso kidogo, yakaisha. Kazi ya dakika moja. Mimi nikachagua kujaza kauntabuku.

Nikamwomba msamaha. Akanisamehe pale pale, bila hotuba. Ila akaongeza jambo ambalo lilinifanya nitamani angekataa kunisamehe.

"Uliyoandika si uongo," akasema. "Polikarpi ni mlafi, tunajua. Kosa lako ni moja: umemwambia kila kitu mtu asiyehusika. Karatasi haihusiki. Sasa nenda, kila uliyemwandika mwambie mwenyewe kwa mdomo wako. Kabla ya Jumapili."

"Bruda, Jumapili ndiyo kura."

"Ndiyo maana nimesema kabla."

Nilitoka mle chumbani na daftari kwapani. Nilijua kabisa naambiwa nikawachokoze watu wenye punje zangu mikononi. Siku mbili nilizunguka. Nilijiambia mzee ameugua, hajui asemalo. Nilijiambia nitawaambia baada ya kura, nikiwa nimeshapokelewa, kwa utulivu. Nililiona wazo hilo zuri sana, mpaka nilipojaribu kusali nalo.

Siku ya tatu nikaenda jikoni. Bruda Polikarpi alikuwa anasonga ugali kwenye sufuria kubwa, moshi wa kuni za mkaratusi umejaa. Nikamwambia palepale niliposimama: Bruda, nimekuwa nikiandika kwenye daftari kwamba unajipakulia kwanza na kuchagua nyama nzuri, nimekaa nalo mwaka mzima sikukuambia, naomba unisamehe kwa kukaa nalo.

Aliacha mwiko umesimama ndani ya ugali. "Umeandika vipande vingapi?"

"Viwili. Siku nyingine vitatu."

"Vitatu si kweli! Viwili!"

"Basi nimekosea, Bruda. Viwili."

Hakucheka. Akageukia sufuria yake, akaniambia nitoke, ugali unaungua. Siku iliyofuata nilimsalimu akapita. Mchana wake nikaonja baridi ya kweli mle ndani ya nyumba, wala si ile ya mwezi wa saba.

Kwa Padre Mlezi nilikwenda jioni hiyo hiyo, kwa sababu niliona kama nimeshaharibu, niharibu yote. Huyu ndiye angesimama mbele ya wazee kutoa maoni yake juu yangu kabla ya kura. Nikabisha hodi, nikasimama, nikamwambia: Padre, nimeandika kwamba unawapendelea wa Kirando.

Alivua miwani, akaifuta kwa kanzu, akaivaa. "Kwa sababu gani?"

"Unawaita pembeni, Padre. Unawapa vitu. Wanarudi wanacheka."

Akainama chini ya meza yake akavuta kapu. Harufu ikafika kabla ya kapu. Dagaa wakavu. "Dada yangu ananiletea," akasema. "Nawagawia wale kwa sababu wamekulia hao. Ninyi wa huku juu nilidhani mnaona kichefuchefu." Akasogeza kapu mbele yangu. "Lakini kuwaita pembeni, hapana, hiyo umeniona vizuri. Napenda kuongea nao habari za nyumbani. Hilo ni kosa langu." Kisha akanichotea dagaa mikono miwili, nikabaki nimeshika sijui niwaweke wapi. Hakuniambia kama amenikasirikia au la. Nikaondoka nanuka samaki, sijui kama nimepona au nimekwisha.

Jumapili baada ya masifu wazee wakaingia ukumbini. Sisi wanovisi tulikaa nje kwenye jua. Nilimwona katibu wa abate, mkuu wa monasteri, akivuka ua na kile kiboksi kwenda chumba cha wagonjwa, akarudi. Mwanangu, nimewahi kuugua malaria ya kunipoteza fahamu, nimewahi kumzika baba yangu, lakini saa ile moja ya kukaa kwenye jua sijapata kuona ndefu kama ile. Nilishaanza kupanga moyoni nitamwambia nini mama nikirudi Kasense.

Abate akaniita. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akasema, "Umepokelewa." Goti langu moja likapiga sakafu lenyewe kabla sijaliambia. Kisha akasema, "Nyeusi zilikuwepo mbili."

Pengine alitaka nisijivune. Lakini nitakuambia kilichonishangaza: hizo mbili hazikunichoma. Nilitoka pale, nikapita nyuma ya ghala la ulezi mahali pasipo na mtu, nikavuta pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeizuia miaka miwili. Kama wangenipokea bila kujua nilivyowaandika, wangekuwa wamempokea mtu mwingine, na mimi ningeishi humu ndani maisha yangu yote nikiogopa siku watakapomjua Nestori mwenyewe. Sasa walishamjua, maana habari za daftari zilikuwa zimeenea nyumba nzima. Wamejua ubaya wangu, wengi wao wakadondosha nyeupe. Nilicheka peke yangu kule nyuma ya ghala, kicheko cha mtu aliyetua gunia.

Hizo nyeusi sikuzitafuta zilitoka kwa nani. Bruda Gaudensi aliniuliza kesho yake, "Nikuambie ya kwangu?" Nikasema hapana. "Vizuri," akasema, "basi tusali." Tukasali zaburi wawili, yeye na mimi, uso kwa uso, nikifumbua mdomo kama mtu anayemlisha mtoto. Tukaanza pamoja, tukamaliza pamoja. Tulifanya hivyo kila asubuhi mpaka alipofariki, mvua za kwanza zilipoanza kunyesha. Polikarpi naye alininunia wiki mbili na nusu. Halafu mchana mmoja akanisukumia bakuli la nyama, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Anza wewe, katibu." Jina hilo la katibu nilibaki nalo miaka mingi, na vipande vyake viwili aliendelea kuchukua hadi alipostaafu jiko. Hakubadilika. Ila tulikuwa marafiki.

Sasa kwa nini nakusumbua na habari hizi za kizamani. Juma lililopita alikuja kijana kutoka mjini, akanisalimu "Mambo!" akajishika mdomo, akasema shikamoo. Tukakaa. Akaniambia hajaongea na dada yake mwaka mzima, akatoa simu akanionyesha. Alikuwa ametunza kila ujumbe, kila siku dada alipokosea, na tarehe yake. Amewasomea marafiki zake, amewatumia binamu zake. Nikamuuliza, dada yako amewahi kuyasikia haya? Akasema hapana, yeye atajijua mwenyewe. Nilimhurumia sana, kwa sababu niliona kauntabuku langu, ila lake lina chaji.

Basi ushauri wangu ni huu, na sitauzungusha. Mtu akikukosea, nenda kwake. Usiende kwa karatasi, wala kwa simu, wala kwa shangazi, wala kwangu mimi kama hujaenda kwake kwanza. Nenda mapema, jambo likiwa bado dogo la kusemeka kwa dakika moja. Mwambie ulichoona, kisha nyamaza umsikilize, maana huenda amekuwa akikutazama wewe midomo muda wote na hukujua. Huenda pia ni mlafi kweli. Atakununia, nawe utaumia. Vumilia hayo. Usikubali kupendwa na watu wasiokufahamu kwa sababu tu unaogopa wakikufahamu watakuacha. Upendo wa namna hiyo hautakupa usingizi hata siku moja, nami nilitaka kuuchagua kwa kusubiri Jumapili ipite.

Yule kijana alimpigia dada yake akiwa hapa hapa, kwenye benchi la wageni. Mimi nilisogea kando, sikusikia walichoongea, ila nilimwona akisimama, akikaa, akisimama tena, mwisho akifuta macho kwa kiganja. Aliponifuata aliniambia neno moja tu: "Amenipokea."

Mungu akupe nawe moyo wa kubisha hodi, mwanangu, na watu watakaokufungulia. Akulinde na chuki inayojificha ndani ya ukweli. Uishi na ndugu zako bila kificho, ule nao, ucheke nao, na siku ya mwisho wakusindikize wakiwa wanakujua vizuri, na wakiwa bado wanakupenda. Amina.